Nani Atakaa Nyuma ya Darasa Lako?

Kila mwaka Baraza la Mitihani likishatoa matokeo ya kidato cha nne na cha sita, wajukuu wa damu na wa ujirani hunijia na swali lilelile. "Shikamoo bibi. Nataka kwenda ualimu wa msingi. Chuo gani kizuri?" Wanataka jina moja tu wakalijaze kwenye fomu, mambo yaishe. Jina siwapi. Nilikuwa mkufunzi hadi nikastaafu, na ninachokijua ni kwamba vyuo hubadilika upesi kuliko sifa zake. Mkuu wa chuo hodari anahamishwa, mkufunzi wa Hisabati aliyewatoa watu jasho anastaafu, na chuo kinabaki na lango lilelile na umaarufu uleule, ilhali ndani kimeshakuwa kingine. Nikikutajia jina leo nitakuwa nakusimulia chuo cha miaka ya tisini.

Badala ya jina nitawapa swali la kwenda nalo. Kabla hujapewa cheti utasimama mbele ya watoto mara ngapi, na kila utakaposimama, nani atakuwa amekaa nyuma ya darasa akikutazama? Chuo kinacholijibu swali hili vizuri kichukue hata kama mabweni yake yanavuja. Kinachobabaika kiache, hata kama kimepanda maua kutoka langoni hadi ofisi ya uhasibu.

Mtaona nalitilia uzito hilo la mtu wa nyuma kuliko hilo la mara ngapi. Nchi hii imeshajaribu kulea walimu kwa kuwatupa tu darasani, tena zaidi ya mara moja, kwa hiyo tunajua huwa inakuwaje. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa shule wawe wameandikishwa ifikapo 1977. Walimu wa kuwapokea hawakuwepo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa maelfu, wakafunzwa hukohuko vijijini kwa miaka mitatu, sehemu ya siku wakisoma na sehemu ya siku wakifundisha, na wakufunzi wakipita kuwakagua. Watu waliwacheka, na "mwalimu wa UPE" (UPE ni kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote) likawa jina la kudharau. Lakini mimi nimekaa kwenye madarasa yao. Wapo walimu wa UPE waliojua kumfundisha mtoto kusoma kuliko wengi waliokuja baadaye na vyeti vizito, na wapo ambao hata barua ya likizo iliwashinda. Nilipowauliza hao hodari walijifunzia wapi, walinitajia mtu: mwalimu mkuu fulani mkali aliyekuwa akiingia darasani bila kubisha hodi, au mkufunzi aliyekuja kwa baiskeli na kulala palepale kijijini. Wale wengine waliachwa peke yao tangu wiki ya kwanza.

Ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mwaka 2002. Ada zilikuwa zimefutwa, watoto wakafurika, na mafunzo ya cheti cha ualimu wa msingi, Daraja A, yakakatwa vipande viwili: mwaka mmoja chuoni, mwaka mmoja shuleni ukifundisha chini ya uangalizi. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Shuleni, mwaka ule wa pili mara nyingi uligeuka kuwa ajira ya posho. Shule ilikuwa na walimu wachache, mgeni akifika anakabidhiwa darasa zima na vipindi vya juma zima, na yule aliyetakiwa kumwangalia naye yuko darasa la jirani anapambana na lake. Kijana akasimama mbele ya watoto mwaka mzima na kosa lake la Januari akalifikisha Desemba likiwa limekomaa.

Ndiyo maana mkinambia, "Bibi, chuo hiki wanatupeleka mazoezini mapema," nafurahi nusu. Nusu nyingine nasubiri nisikie nani anakuja kuwatazama.

Acheni niwaeleze mtu wa nyuma anaona nini, maana wengi mnadhani anakuja kuhesabu kama umevaa nadhifu na kama andalio la somo limepigiwa mistari.

Wewe ukiwa mbele unatazama ubao, saa na daftari lako. Umeandika ba, be, bi, bo, bu, watoto wanaimba kwa sauti inayofika barabarani, na wewe moyoni unasema somo limefana. Mimi niliyekaa nyuma kwenye dawati fupi, magoti yakinigusa kidevu, namwona mtoto wa safu ya nne anaimba huku anatazama dirishani. Haoni ubao kabisa. Ameshika wimbo. Ukimwita ukamwekea kidole kwenye "bo" peke yake, ataanzia "ba" kimoyomoyo, atapanda ngazi hadi afike, na ukimwekea "bo" katikati ya neno "kiboko" atakwama. Huyo akienda hivyo hadi darasa la tatu, mtamwita mzito. Mzito hakuwa yeye.

Namwona tena mwalimu tarajali anayefundisha herufi "m" kwa kuitaja jina, "em", kisha anataka mtoto aunganishe "em" na "a" apate "ma". Inapatikanaje? Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipobadilishwa mwaka 2015 ukawekwa juu ya KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, msisitizo ulikuwa kwenye sauti ya herufi: funga midomo, toa mlio, ndipo uunganishe na irabu. Jambo hili unaweza kulisoma ukalifaulu kwenye mtihani kwa alama za juu, halafu ukaingia darasani ukasema "em", kwa kuwa ndivyo ulivyofundishwa wewe. Kitabu hakitakushtua. Atakayekushtua ni mtu aliyekaa nyuma na kalamu.

Kisha kuna lile swali la "Mmeelewa?" Watoto wa nchi hii wamezaliwa wanajua jibu lake. "Ndiyooo!" Hata ukiwauliza kuhusu kitu ambacho hujakifundisha watakuitikia hivyohivyo. Na kuna maswali kumi unayoyauliza ambayo tisa yamejibiwa na watoto wa madawati matatu ya mbele, upande wako wa kulia, kwa kuwa huko ndiko mkono wako unakoelekea wenyewe. Kila mwalimu ana upande wake. Hakuna anayeujua mpaka aambiwe.

Mkufunzi mzuri akitoka darasani hakupi alama kwanza. Anakuita mwembeni, anakuuliza: pale ulipofuta ubao, nani alikuwa bado hajamaliza kunakili? Unajiumauma. Kesho yake hufuti tena bila kugeuka. Mkufunzi mbaya anasimama mlangoni, anaomba andalio, anasaini, anauliza pikipiki iko wapi. Nimewahi kuona fomu za tathmini za wanachuo wa shule tatu tofauti, zote zimejazwa asubuhi moja, wino mmoja, maoni yaleyale: "Amejitahidi, aongeze zana." Jina la chuo nalihifadhi. Wale wanachuo walihitimu, na wengine leo ni walimu wakuu.

Sasa utajuaje chuo ni cha namna gani kabla hujaingia?

Nenda ukakione, na usiende siku ya mahafali. Siku ya mahafali kila chuo ni kizuri. Nenda Jumanne ya kawaida katikati ya muhula. Kama ni mbali na nauli hakuna, mtafute mwanachuo wa mwaka wa pili, siku hizi kila mtu ana simu, na umuulize maswali manyoofu. Mazoezi ya kufundisha, hayo mnayoyaita BTP, mlikaa wiki ngapi? Mkufunzi alikuja mara ngapi? Alikaa kipindi kizima? Alikuja bila taarifa au mlijua siku tatu kabla mkajipanga? Alikwambia nini ambacho hukukijua? Hilo la mwisho ndilo kipimo. Aliyetazamwa kweli atakujibu papo hapo, tena kwa kicheko au kwa uchungu, maana mambo hayo hayasahauliki. Ambaye hakutazamwa atakwambia, "Aah, walikuja, walitukagua, kawaida tu."

Yupo mtu mwingine anayejua zaidi, naye yuko karibu nanyi kuliko mnavyofikiri: mwalimu mkuu wa shule ya msingi mliyosoma. Shule yake hupokea wa BTP kutoka vyuo mbalimbali mwaka baada ya mwaka. Anajua wa chuo gani hufika na azimio la kazi tayari, na wa chuo gani hufika wakiuliza kama kuna umeme wa kuchajia simu. Hajawahi kuulizwa. Mpelekee salamu, kaa, muulize. Atakupa orodha ambayo hakuna ofisi itakayokupa.

Ukifika chuoni, uliza shule ya mazoezi iko wapi. Vyuo vyetu vya zamani vilijengwa na shule ya msingi ubavuni, makusudi, na shule nyingi nchini bado zinaitwa Mazoezi kwa sababu hiyo. Mwanachuo anavuka uwanja akiwa na zana mkononi, anafundisha kipindi kimoja, wenzake na mkufunzi wamekaa nyuma, anarudi kabla ya chai, wanamchambua. Anafanya hivyo tena na tena kabla hata ya kwenda BTP. Pahala pengine shule ile ipo kwa jina tu. Wanachuo hawavuki uwanja, wanafundishana wenyewe kwa wenyewe darasani, mmoja mwalimu na wengine wanajifanya watoto. Kwa wiki mbili za mwanzo si vibaya. Kwa miaka miwili ni kujifunza kuogelea juu ya mkeka. Mtu mzima anayejifanya mtoto hajikojolei, halii kwa kukumbuka nyumbani, hamng'ati mwenzake kwa ajili ya kifutio, na akiulizwa saba jumlisha nane hakosei kwa namna ambayo mtoto hukosea.

Ingia na maktaba. Sikwambii uhesabu vitabu. Tafuta vitu viwili: vitabu vya kiada vya shule ya msingi vinavyotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, pamoja na kiongozi cha mwalimu. Je, vimechakaa? Vikiwa vimechakaa, furahi. Nimeona maktaba zenye majalada ya falsafa ya elimu yaliyotoka ng'ambo kama msaada, na kitabu cha Kusoma cha darasa la kwanza hakipo hata kimoja. Mwanachuo anahitimu hajawahi kukishika kitabu atakachokishika maisha yake yote.

Chungulia pia madaftari. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Elimu ya msingi inakwenda kuwa ya miaka sita, Kiingereza kinafundishwa tangu darasa la kwanza, na masomo ya madarasa ya chini yamepangwa upya. Ukikuta nukuu za mwaka wa pili bado zinahesabu madarasa saba na masomo ya zamani, ujue mkufunzi anasoma daftari lake la enzi zile, wanafunzi wananakili. Na hilo la Kiingereza msilipuuze. Sisemi chuo kiwalazimishe kuzungumza Kiingereza hadi jikoni. Nasema mtakwenda kumfundisha mtoto wa miaka sita lugha ambayo nyinyi wenyewe inawatia baridi, kwa hiyo uliza nani anafundisha somo hilo na kama anazungumza au anaandika ubaoni tu.

Matokeo ya Baraza la Mitihani yatazame, yako wazi kwenye tovuti yao kwa kila chuo. Tazama ya miaka mitatu mfululizo, usidanganywe na mwaka mmoja. Lakini yakupe picha ya nidhamu ya kusoma tu. Mtihani wa karatasi hauwezi kukwambia nani alivuka uwanja.

Kuhusu vyuo vya uongo sitakaa sana. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukikuta bango stendi linasema nafasi bado zipo hata kwa wasio na sifa, pita. Chuo cha serikali au cha binafsi, lazima kiwe kimesajiliwa, na sifa za kuingia hutangazwa na wizara. Ukipokelewa bila sifa, utalipa ada, utavaa sare, utaimba kwenye mahafali ya waliokutangulia, na siku ya kusajili watahiniwa jina lako halitakubalika. Hapo hakuna mjomba wa kukusaidia.

Tangazo la wizara lisomeni wenyewe, neno kwa neno, la mwaka wenu. Sisi tulikua tukijua ualimu wa msingi ni astashahada, hiyo mnayoiita Grade A. Sera mpya imeusukuma ualimu kuelekea stashahada, na jirani zetu Kenya waliuacha mpango wao wa cheti cha P1 wakaanza stashahada mwaka 2021. Kwa hiyo shangazi yako aliyesoma mwaka 2010 akikwambia "tulifanya hivi", msikilize kwa heshima, kisha fungua tangazo. Na fomu ikijazwa kwenye kibanda cha steshenari, kaa kwenye kiti pembeni ya anayejaza. Wale vijana wana foleni. Nimeona mtoto wa Mtwara aliyepangiwa Kagera kwa sababu kijana wa kibanda alibonyeza jina la kwanza lililomjia.

Ingawa, kusema kweli, Mtwara kwenda Kagera si msiba. Hapa natofautiana na wazazi wengi. Wanataka chuo cha karibu, binti arudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nasema, kama afya na fedha zinaruhusu, nenda mbali na kwenu, hasa wewe uliyezaliwa Dar es Salaam ukakulia Kiswahili. Utafundishwa njia za kufundisha kusoma kana kwamba kila mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa na Kiswahili mdomoni. Nenda Kasulu ukafanye mazoezi vijijini, ukute mtoto anaijua dunia yote kwa Kiha. Nenda Monduli, uingie darasa ambalo mtoto akiumwa tumbo anakwambia kwa Kimasai. Nenda Tarime, ukute "kalamu" imekuwa "karamu" kwa watoto wengi, na ujifunze kutomcheka mtu. Utajua haraka kwamba kuonyesha kitu kunashinda kukieleza, na utaijua thamani ya mtoto mmoja mwenye lugha mbili anayekusaidia. Aliyesomea mjini na kufanyia mazoezi mjini atayajua haya akiwa ameshaajiriwa, peke yake, hakuna wa nyuma.

Hali ni hiyohiyo kwa wingi wa watoto. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, madarasa ya kwanza yenye watoto zaidi ya mia yamekuwa jambo la kawaida. Wako wanachuo wanaojipangia BTP kwenye shule za binafsi za mchepuo wa Kiingereza, watoto ishirini na watano, mazulia, picha ukutani. Chuo kinachoruhusu hivyo kinawadekeza. Omba shule yenye msongamano. Jifunze kuwagawa kwenye vikundi, kuhesabia kwa vizibo vya soda na vijiti vya mfagio, kuita majina bila kula nusu ya kipindi. Na utazame kwenye shule ya mazoezi kama wanachuo wanatembea na fimbo. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, na mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu au aliyepewa idhini naye kwa maandishi. Mwanachuo hayumo. Chuo kinachomwacha kijana wake ashike fimbo kwa sababu "darasa ni kubwa" hakijamfundisha njia nyingine.

Vipo vyuo vyenye njia yake maalumu, na hapo jina lina maana. Patandi, kule Arusha, ndicho cha elimu maalumu. Kama moyo wako uko kwa watoto wasioona, viziwi au wenye ulemavu wa akili, safari yako inapita huko. Butimba, Mwanza, kimejulikana miaka mingi kwa muziki, sanaa na michezo. Vingine vimejengwa upya: Ndala, Kitangali, Mpuguso na Shinyanga vilipata majengo mapya kwa mradi uliofadhiliwa na Kanada. Majengo ni jambo jema, nami nisingependa mjukuu wangu alale kwenye bweni la popo. Ila ukivutiwa na picha za majengo, kumbuka bado hujauliza swali.

Tuje kwenye fedha. Wazazi huuliza ada, wakaipata, wakashukuru Mungu. Hawaulizi BTP inagharimu nini. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, kodi ya chumba kama shule haina nyumba, chakula cha wiki zote hizo, karatasi za manila, maka peni, gundi, rula ndefu, na uchapaji wa fomu ambazo chuo kinasema ni bure. Vijana wengi hudhoofu mazoezini kwa njaa na si kwa kushindwa kufundisha. Ombeni maelekezo ya kujiunga mapema, mkae na mzazi, muandike BTP kama mstari wake peke yake. Bodi ya Mikopo ilianza mwaka 2023/2024 kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani chache ilizozitaja. Fungueni mwongozo wake mwone kama kozi yenu imo kabla hamjauza ng'ombe.

Ajira. Chuo chochote kitakachokuhakikishia ajira kinasema uongo. Zamani ukimaliza ulikaa nyumbani kungoja tangazo la kupangiwa kituo, likatoka, ukafunga mzigo. Siku hizi walimu hupita kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na wapo waliomaliza tangu 2015 wakasubiri miaka. Shule za binafsi nazo hazikuiti ofisini kukuuliza historia yako, zinakupa chaki na kusema, ingia darasa la tatu, fundisha sehemu. Dakika arobaini. Mwenye shule amekaa nyuma. Aliyezoea kutazamwa ataona ni siku ya kawaida.

Mtaambiwa, tena na ndugu wa karibu, kwamba ualimu wa msingi ni wa waliokosa pa kwenda. Msibishane. Wengine watawatetea kwa kumtaja Nyerere, nami utetezi huo huwa unanichekesha kidogo, maana Mwalimu alifundisha sekondari, Tabora na Pugu. Afadhali wangemtaja Mzee Mwinyi, aliyeanza na watoto wa Mangapwani, Unguja. Hata hivyo hamhitaji rais kuwahalalishia kazi. Kama umeingia kwa kukosa, nawe ni mwanangu vilevile. Nimewaona wengi walioingia kwa kukosa wakanogewa siku mtoto wa kwanza aliposoma neno zima bila kuimba.

Limebaki jambo moja, la wale ambao hawatapata chuo walichokichagua. Ni wengi. Mfumo utakupanga unakokupanga, na huenda ukafika pahala wakufunzi ni wachache na shule ya mazoezi imekufa. Usihame kwa hasira. Chagueni wenzenu wawili wenye ulimi mkweli, mpeane zamu ya kukaa nyuma. Mkienda BTP mtaona desturi moja mbaya: mgeni akifika, mwalimu mwenyeji wa darasa hufurahi, humkabidhi chaki, huenda zake kupumzika chini ya mti hadi wiki za mazoezi ziishe. Msilaumu, amechoka. Lakini siku ya kwanza, kabla hajanyanyuka, mwamkie vizuri umwambie, "Mwalimu, naomba ukae kipindi hiki kimoja, uniambie ni wapi nimewapoteza." Wengi watakaa. Akikataa, mwalimu wa darasa la jirani yupo, naye mwombe vivyo hivyo.